Hodi ya Kisimani

Siku ikichomwa, inakwenda wapi? Siwatu alikuwa na swali hilo tangu asubuhi, na asubuhi yenyewe ilikuwa imeshapita miezi kumi na minne. Usikunje uso, msomaji, hukusoma vibaya. Katika mji wake ilikuwa Jumanne, alasiri, jua limesimama juu ya mnara wa mtambo wa mafuta wala halina habari ya kushuka, na Jumanne hiyo ndiyo ileile waliyoamkia miezi kumi na minne nyuma. Miezi waliijuaje bila usiku? Kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa anajua kila kichwa kimerudi kwake mara ngapi, akajumlisha, akatangaza, na hakuna aliyempinga kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika wembe.

Mafuta ni kitu gani? Watu wa mji huo hawakuhitaji kufundishwa, walikuwa wakiyaona. Zamani, kabla ya mtu wa kwanza kupiga chafya, jua liliwaka juu ya misitu na madimbwi. Majani yakalinywa, vijidudu vya majini vikalinywa, vyote vikafa vimeshiba, vikafunikwa na tope, na juu ya tope mawe, vikalala. Kwa hiyo kilicholala chini ya mji zilikuwa siku. Siku nzima nzima, zenye asubuhi na adhuhuri zake, zimekunjwa na kupangwa katika vyumba saba, kimoja chini ya kingine. Ukichoma kibaba kimoja, siku moja ya kale inaamka, inajinyoosha, na kwa kuwa haina pa kwenda inakaa hapohapo, juu ya siku ya leo. Pikipiki ikipita, kwenye bomba la moshi hutoka asubuhi yenye harufu ya majani yasiyo na jina, na mara nyingine hutoka kereng'ende mwenye mabawa mapana kama ungo, akazunguka sokoni, akayeyuka. Watoto waliwakimbiza kereng'ende hao wakicheka mpaka wakakaa chini. Kulikuwa na raha mjini humo, sitaki kudanganya.

Na raha ilikuwa ya kweli. Mafuta yalileta taa, yakaleta shule ya ghorofa, yakaleta friji ya zahanati ambamo ilikaa dawa iliyomwokoa Saumu, binti yake Siwatu, alipokuwa mchanga na degedege limemshika. Siwatu hakulisahau hilo hata mara moja. Lakini siku zilizochomwa ziliongezeka, hii juu ya ile, na leo ikawa nene. Joto la siku elfu likakaa ndani ya siku moja. Nguo nyeupe zilianikwa zikaanuliwa za kijivu. Mto ulifanya utando uliong'aa rangi zote isipokuwa rangi ya maji. Kuku mmoja wa jirani alitaga yai lililokwisha kuchemka, na mwenye kuku akalitia chumvi akalila, hakuona ajabu. Kisha, walipofungua chumba cha sita, alasiri ikashindwa kusogea. Ilikuwa imebebeshwa mizigo kupita uwezo wake.

Kazi ya Siwatu ilikuwa kubisha hodi. Kabla ya pampu kuwashwa, mwanamke wa ukoo wake huinama kwenye mdomo wa kisima akabisha, kwani hakuna anayeingia chumbani kwa watu bila kubisha, hata kama wenye chumba walilala kabla ya kuwapo watu. Adabu yake unaijua: hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukikaribishwa unaingia, usipojibiwa unageuka na kwenda zako. Bibi yake Siwatu aligeuka mara nyingi akarudi nyumbani kumenya mihogo. Ila watu wa halmashauri walikuwa na haraka, wakapitisha kijisheria: sauti yoyote itakayorudi kutoka chini ihesabiwe kuwa ni karibu. Na sauti ilirudi kila mara. Siwatu akiita hodi, chini nako kuliita hodi. Wakasema ni mwangwi, wakasema mwangwi unatosha, wakawasha pampu.

Walioipenda leo walikuwa wengi. Mwenye jino bovu aliyeambiwa aende kung'olewa kesho aliipenda. Mwanafunzi mwenye mtihani kesho aliipenda kwa moyo wote. Diwani Mbaruku ndiye aliyeipenda kuliko wote, maana kwenye kila ukuta wa mji kulikuwa na tangazo lililopauka: UCHAGUZI WA DIWANI UTAFANYIKA KESHO. Alipita akilisoma na kutabasamu, akamwagiza mtu alipigie gundi upya.

Siwatu alikuwa hawezi kuipenda tena.

*

"Wifi, hii ni mara ya tatu unapita hapa," alisema Mashavu, dada wa marehemu mume wake, aliyekuwa akipika vitumbua mbele ya nyumba yao. Jiko alilitupa siku nyingi, karai alilitua chini kwenye mchanga na mafuta yakachemka yenyewe. "Mara mbili za kwanza umekataa kula. Sasa useme, vitumbua vyangu vina nini?"

"Sikupita mimi."

"Basi kapita mwenzako. Kanga hiyohiyo, na maringo hayohayo."

Siwatu hakubisha. Leo ilikuwa nene kiasi hicho, mtu aliweza kukutana na nafsi yake ya asubuhi ikiwa njiani bado. Yeye mwenyewe alikutana nayo karibu na matangi. Walitazamana, wakasalimiana, umeamkaje, nimeamka, na kila mmoja akampisha mwenzake kwa adabu. Baadaye akajiuliza: kati yetu mimi ni yupi? Yule anayekwenda kubisha, au huyu aliyekwisha kubisha? Na kama ni mimi huyohuyo, mbona yule alikuwa na furaha zaidi?

Saumu alikuwa amekaa mkekani, miguu ndani ya beseni, miguu iliyovimba ikajaza beseni. Tumbo lilikuwa mbele yake kama gunia lililofikishwa mlangoni likakosa wa kulipokea. Mume wake, dereva wa lori la mafuta, aliondoka akisema atarudi kesho. Alikuwa mtu wa ahadi, kwa hiyo hakurudi.

"Mama, njoo uweke mkono," Saumu alisema. "Anapiga teke mara tatu, anatulia. Mara tatu tena, anatulia. Kama anasubiri kitu."

Siwatu aliweka mkono. Tatu. Kimya. Tatu.

"Amekamilika zamani," Mashavu alisema, naye ndiye aliyekuwa mkunga wa mtaa mzima. "Nywele anazo, kucha anazo, na nadhani hasira pia anazo. Lakini mimi nilimshika mama yake siku ile, yaani leo, nikasema mtoto huyu ni wa kesho. Mtoto hatoki kwenye siku isiyo yake. Nimejaribu kila dawa ninayoijua, wifi, na mbili nilizozibuni."

"Na kesho isipokuja?"

Mashavu aliacha kugeuza vitumbua. Alimsogelea Siwatu akanong'ona, na ilikuwa mara ya kwanza Siwatu kumsikia mwanamke huyo akisema jambo bila kutania. "Mgongo wake unakwisha. Moyo wake unapigia watu wawili miezi kumi na minne. Atabeba mpaka lini? Nitawapoteza wote wawili, na siku itakuwa hiihii ya leo."

King'ora cha mtambo kililia. Siwatu alisimama. Mashavu, asiyeweza kumwacha mtu aende na njaa hata dunia ikiisha, alimtia kitumbua kizima mdomoni, cha moto, na Siwatu akaenda kisimani mashavu yamejaa na machozi yanamtoka. Machozi yalikuwa ya binti yake, ingawa kitumbua nacho kilichangia.

*

Aliinama kwenye mdomo wa kisima. Hakuweza kuita, alikuwa bado anatafuna. Akanyoosha kidole kumwambia mtu wa pampu asubiri.

"Hodi," ilisema sauti kutoka chini.

Siwatu aliacha kutafuna.

"Hodi." Ilikuwa sauti yenye mkwaruzo kidogo, ya mtu aliyeita kwa muda mrefu. Kisha ikaja ya tatu, "Hodi," na baada yake kimya, kimya kile cha mtu aliyesimama mlangoni amejipanga vizuri, anasikiliza kama kuna nyayo zinakuja.

Mwangwi gani huo unaotangulia? Siwatu alimeza kitumbua bila kuiona ladha yake.

Miaka mingapi? Mimi naita, yeye anaita. Sote tumesimama nje. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye nyumba. Nani mwenyeji hapa? Sisi tuliojenga juu, au waliolala chini? Tuliingia. Hatukuambiwa karibu hata siku moja, tuliambiwa hodi, tukaingia, tukabeba mashuka na vitanda na siku zao tukazichoma. Na mgeni mwenyewe akabaki mlangoni. Lakini mgeni gani? Waliolala hawabishi hodi. Wamelala. Anayebisha yuko macho. Anayebisha anataka kupita. Nani anataka kupita huku kwetu, naye anapitia chini?

Akakumbuka jambo ambalo bibi yake alikuwa akilisema huku anamenya mihogo, jambo la kawaida kabisa, hata hakulitilia maanani: kwamba jua likizama hupita chini ya ardhi, chini ya vyumba vyote saba, na kutoka upande wa pili likiwa limemshika mkono kesho. Sasa kama juu kumerundikwa siku elfu, na mlango wa upande wa pili umezibwa na uzito wake, kesho angetokea wapi? Angetafuta tundu. Na tundu lilikuwa moja tu, lilitobolewa na watu wenyewe, nalo lilikuwa limewekewa pampu.

Siwatu alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, na mtu wa pampu akadhani kitumbua kimempalia.

*

Wakati huohuo matarumbeta yalisikika. Diwani Mbaruku alikuwa anakuja na watu wake, na watu waliokuwa hawana la kufanya, yaani mji mzima, walimfuata. Mashavu alikuja na karai lake kichwani, ameona soko. Saumu alikuja nyuma yake, hatua moja, anapumzika, hatua moja.

"Shikamoo, Bi Siwatu," Diwani alisema. Alikuwa na adabu zake, hilo sitamnyima.

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Leo tunafungua chumba cha saba!" Matarumbeta yakalia. "Cha mwisho na kikubwa kuliko vyote. Wataalamu wanasema kina siku za kutosha miaka sabini. Wananchi, miaka sabini ya Jumanne! Bi Siwatu, tupigie hodi."

"Sipigi."

Watu waliguna. Mtu wa tarumbeta alitoa mlio mmoja kwa bahati mbaya.

"Kuna mtu chini," Siwatu alisema. "Anabisha. Nimemsikia na mdomo wangu umejaa, Mashavu shahidi, kanijaza mwenyewe. Ni kesho. Anaomba kuingia, nasi kila siku tunamjibu kwa pampu."

Diwani alimtazama, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu wa kawaida mwenye hofu. "Bi Siwatu, mama yangu. Kesho ana nini kwetu? Ana taa? Ana barafu? Mimi nimezaliwa kabla ya mtambo, nimesoma kwa kibatari mpaka nyusi zikaungua. Friji iliyomponya binti yako iliendeshwa na nini?"

"Na mafuta."

"Basi!"

"Na nimeshukuru," Siwatu alisema. "Nimeshukuru miaka ishirini na mbili. Mtu akikupa shuka lake usiku wa baridi unamshukuru. Humvui na kanzu. Mtazame binti yangu, Mheshimiwa. Usinitazame mimi, mtazame yeye."

Diwani hakumtazama. Alitoa kwenye mkoba redio kaseti. Alikuwa mtu wa kujiandaa, alikuwa ameirekodi sauti ya Siwatu zamani, kwa ajili ya siku ambayo angeugua. Akabonyeza kitufe, akaweka kipaza sauti, na sauti ya Siwatu aliye kijana, yenye furaha isiyojua kitu, ikaenda chini ya ardhi: "Hodi! Hodi! Hodi!"

Siwatu alijisikia akibisha. Ndiye yule, alifikiri. Ndiye yule niliyekutana naye kwenye matangi.

Na kutoka chini, yenye mkwaruzo, yenye subira, ikaja: "Hodi."

"Sheria inasema inatosha," Diwani alisema haraka. "Washa."

Pampu ilikohoa, ikaanza kupanda. Saumu alishika kiuno akapiga magoti mchangani. Na Siwatu, ambaye ukoo wake wote ulikuwa umefundishwa kuita tu, aliinama mpaka kanga ikaanguka kichwani, akaweka mdomo kwenye kisima, akasema neno ambalo hakuna aliyewahi kulisema mahali pale.

"Karibu."

Hakuona kama limetosha. Akalisema kama linavyosemwa na mtu mwenye nyumba, kwa sauti ya juu, kwa moyo, na huku mkono unaonyesha ndani. "Karibu! Karibu ndani! Karibu sana, samahani umesubiri, pita!"

*

Pampu ilisimama. Ilishuka polepole ikainamisha kichwa, ikakaa hivyo.

Kilichotoka kwenye bomba hakikuwa na rangi. Kwanza ulikuwa ubaridi, ukawapitia watu miguuni wakaruka kama wamekanyagwa na paka. Kisha ikaja harufu ya umande, harufu ambayo wazee waliitambua wakafumba macho. Kisha kitu kikapita katikati yao, hawakukiona, ila kila mmoja aliona amepishwa kwa adabu. Nyuma yake siku za kale zilizokuwa zimeelea angani kwa miaka yote hiyo ziligeuka, moja moja, bila kugombana, zikajikunja, zikaanza kushuka ndani ya kisima kurudi vitandani. Zilikuwa nyingi, na mtu mzima angezeeka akizitazama, kwa hiyo nasema tu kwamba kereng'ende wa mwisho alikwama kidogo mdomoni mwa kisima kwa ajili ya mabawa yake, na mtoto mmoja akamsukuma kwa kidole.

Ndipo kivuli cha mnara kikasogea.

"Kinatembea!" watoto walipiga kelele. Walikuwepo wenye mwaka mmoja ambao hawakuwahi kuona kivuli kikirefuka. Walikikimbiza. Jua lilishuka, kubwa, jekundu, bila haraka, na mji mzima ukasimama kulitazama kama watu wanaomsindikiza jamaa aliyekaa sana wakampenda wakamchoka. Taa hazikuwaka. Malori yalizimika barabarani. Diwani Mbaruku alilia waziwazi, akasema amekumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akimwita ndani giza likiingia, na Mashavu akampa kitumbua, kisha akampa kingine kwa sababu alilia vizuri.

Halafu watu walilala. Sijui nikuelezeje raha iliyomo katika sentensi hiyo.

Alfajiri ya Jumatano, Saumu alimwita mama yake mara moja tu. Mashavu alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Haikuwa kazi ndefu, mtoto alikuwa amejiandaa zaidi ya mwaka. Alitoka na nywele za kusukwa na uso wa mtu aliyewekwa foleni, akafungua kinywa akalia, na Siwatu aliyekuwa ameshika taulo alisogea kusikiliza. Sauti ilikuwa na mkwaruzo kidogo. Aliijua. Alikuwa ameisikia kila siku ya kazi yake.

"Karibu," alimwambia mtoto, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

Saa tatu baba yake mtoto alifika, kwa miguu, viatu mkononi, lori ameliacha lilipozimikia. "Nilisema nitarudi kesho," alisema mlangoni, na Mashavu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Shida zilikuwepo, usidhani nazificha. Jino liling'olewa. Mtihani ulifanywa na wengi wakafeli. Friji ya zahanati ilizimika, na watu wakakaa chini kuumiza vichwa: vioo vya kunasa jua la leo vifungwe juu ya paa gani, gurudumu la mtoni likae wapi mto ukishasafika, nani bado anakumbuka kupanda mpunga. Waliumiza vichwa kwa furaha, nadhani kwa sababu walikuwa wamelala. Uchaguzi ulifanyika na Mbaruku akashindwa kwa kura nyingi. Jioni yake alionekana kwa Siwatu, amesimama nje ya mlango, mikono nyuma. Alibisha hodi ya kwanza, akangoja. Ya pili, akangoja. Walimwacha afike ya tatu, kumfundisha, kisha wakamkaribisha, akampakata mtoto wala hakutaka kumrudisha.

Siku ya arobaini, asubuhi, Siwatu alimfunga mjukuu wake mgongoni akampeleka kisimani, maana mtoto wa ukoo huo lazima aonyeshwe kazi. Pampu ilikuwa bado imeinama, ndege ameshajenga kwenye shingo yake. Siwatu aliinama.

"Hodi!" aliita, na akasubiri.

"Hodi!"

Upepo ulipita kwenye majani. Mtoto alikuwa ametulia, anasikiliza.

"Hodi!"

Chini kulikuwa kimya, kimya kizito cha watu waliolala wakafunikwa vizuri. Siwatu alingoja kadiri adabu inavyotaka, na kidogo zaidi. Kisha akajiinua, akaikaza kanga mgongoni.

"Wenyewe wamelala," alimwambia mjukuu wake. "Twende nyumbani."